Tiara Haipandi kwa Nguvu

Kaka yangu ni fundi cherehani, na ufundi wake unaudhi. Mteja akisema shati limemkaa vizuri, yeye hulifumua, eti bega moja limepanda. Kwa hiyo vitambaa vya watu vilipoanza kurundikana dukani bila kuguswa, nilijua maji yamezidi unga.

Kaka akawa hali chakula, hatoki, anautazama ukuta. Ukimsalimia anajibu "nzuri" huku macho yamezimika, kwa sababu mama alitulea hivyo: mtu hasalimiwi akamwaga matatizo yake. Vidonge vya sonona alivyoandikiwa vilimsaidia kidogo, kisha vikagonga mwamba. Siku aliponiambia cherehani yake nimpe mtu mwingine, kwa kuwa yeye hataihitaji tena, nilimshika mkono nikampeleka hospitali bila kuomba ruhusa. Niliogopa kumpoteza. Sina kaka mwingine.

Tukapokewa na mama mmoja mfupi, mtaalamu wa mashine za ubongo. Kila asubuhi aliweka sumaku yenye umeme kwenye paji la uso la kaka, ikagonga tak-tak-tak. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamuuliza kama anatibu au anapigilia misumari.

Akacheka. "Tunaamsha sehemu iliyosinzia. Haiamshwi kwa kelele, dada."

Baada ya sumaku alimvika kofia yenye nyaya, akamketisha mbele ya skrini iliyochorwa tiara ya karatasi, ile ya kurushwa na watoto. Ubongo ukitulia, tiara inapanda, ukihangaika, inashuka. Hivyo mtu hujifunza, kidogo kidogo, kuujua utulivu wake.

Basi kaka akaikabili tiara kama suti ya bwana harusi. Akakaza meno, akakunja uso. Nami nyuma yake: "Jitahidi, kaka! Ipandishe!" Tiara ikaporomoka. Alipogeuka kunitabasamia ili nisihuzunike, ikaporomoka zaidi. Ikawa ndiyo kazi yetu kila siku, mimi kushangilia na yeye kuanguka.

Mtu mwingine angetufukuza. Yule mama hata kuguna hakuguna. Alirekebisha waya, akampangusa kaka gundi ya nyaya kwenye nywele kwa kitambaa cha maji ya moto kama anamwogesha mwanawe, akaanza upya. Mimi si mwepesi wa kumheshimu mtu, lakini huyu nilimvulia kofia.

Asubuhi moja akakisogeza kiti changu mbele, nikawa uso kwa uso na kaka. "Msalimie kama mnavyosalimiana nyumbani," akaniambia.

"Habari za asubuhi, kaka?"

"Nzuri."

Tiara ikashuka.

"Msalimie tena. Na wewe, fundi, usimfiche. Dada yako ni mtu mzima."

"Habari za asubuhi, kaka?"

Kaka akaacha kukaza meno. "Mbaya," akasema. "Mbaya sana, mdogo wangu. Nimechoka kukwambia nzuri."

Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa nyumba yetu akijibu hivyo. Nikageukia skrini nikijua tiara imekwisha. Ilikuwa inapanda, taratibu, na kaka wala hakuwa na habari nayo. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Na wewe je?" akauliza.

Nikafungua mdomo niseme nzuri, likatoka jingine. "Naogopa. Kila alfajiri nasimama mlangoni kwako kusikiliza kama unapumua." Nikalia mpaka kamasi, mtu mzima mimi.

"Najua. Nakusikia. Unanyata kama tembo."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimeshika kutu, lakini kilikuwa chake. "Mama," akamwambia mtaalamu, "hii kofia mvishe huyu. Mgonjwa ndiye."

Yule mama alikuwa ameshaizima skrini, ametuacha tuongee.

Sikudhani kaka amepona; matibabu yalikuwa bado yanaendelea. Kesho yake alfajiri nilisimama tena mlangoni kwake, nimebana pumzi.

"Mbaya kidogo leo," ikasema sauti kutoka ndani. "Ingia."