Wageni wa Masasi Wanaoshukia Newala

Hodi zilianza mara tu Nuria alipohamisha gesti yake. Mjukuu wangu huyo alikuwa na vyumba vya wageni hapa kwangu Newala. Mwaka huu akapata nyumba nzuri zaidi Masasi, kando ya barabara kuu, akabeba vitanda, mapazia na kibao cha mlangoni. Mimi akaniachia kuta.

Basi asubuhi moja nasikia, "Shikamoo bibi. Nimekuja kulala."

"Marahaba baba. Kulala asubuhi yote hii, unaumwa?"

Alikuwa mnunuzi wa korosho kutoka Mbeya, jina lake Ambakisye. Akanionyesha simu: Gesti ya Nuria, Newala, karibu na stendi.

"Ilikuwa hapa," nikamwambia. "Sasa iko Masasi. Wewe umepita wapi?"

"Nimepita Masasi, bibi."

Maskini, kaiona gesti dirishani na kuiacha. Nikamtengea chai na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akawa anaitafuna kama mtu aliyepewa mtihani. Wala hakuwa wa kwanza.

Nilipompigia Nuria, hakucheka. "Bibi, huku vyumba vitupu. Msimu wa korosho ukinikuta hivi, namrudishia mwenye nyumba funguo zake."

Kesho yake akapanda Newala, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mchanga.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "wageni wako wananimalizia sukari."

"Sielewi, bibi. Tovuti nimeipanga vizuri. Anayefungua ukurasa wa zamani, wa Newala, anapelekwa moja kwa moja kwenye wa Masasi."

"Ambakisye hakupelekwa."

"Hakufungua. Aliitafuta gesti kwenye Gugo ya simu, akasoma yale maneno ya juu tu inayoyaonyesha, akapanda gari. Gugo ndiyo haijakubali kwamba nimehama."

"Labda hukumuaga mjumbe wa nyumba kumi."

Hapo akacheka kidogo, akanieleza taratibu. "Wewe wengine wanakuita Mama Kibibi, wengine Mama Mujibu. Mtu ni mmoja, lakini jina lenyewe ni Mama Mujibu, maana baba yangu ndiye kifungua mimba wako. Sasa kila ukurasa una lebo iliyofichwa ndani. Watu hawaioni, Gugo inaiona. Inasema, kati ya kurasa zinazofanana, wenyewe hasa ni huu. Kwa hiyo ule wa Masasi unasema..."

Akafungua kompyuta anionyeshe, akasogeza uso karibu na kioo.

"Unasema nini?"

"Newala," akajibu kwa sauti ndogo.

Ukurasa wa Masasi aliunakili kutoka ule wa zamani. Picha akabadilisha, namba ya simu akabadilisha, lebo akaisahau.

Nilicheka mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani. "Yaani nikibisha Newala naambiwa nenda Masasi, nikifika Masasi naambiwa mwenyewe hasa yuko Newala! Hiyo Gugo ina subira. Mimi ningekwisha kulala njiani."

"Bibi, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nitamwambia shangazi yako Kibibi tu."

"Bibi! Huyo si redio ya mtaa?"

Akaiandika lebo upya. Akakagua na kurasa nyingine, wa bei na wa picha, nazo zote zikawa bado zinaitaja Newala. Akazirekebisha, akaiomba Gugo ipite tena kuzisoma.

"Itachukua muda," akasema. "Siyo leo wala kesho."

Kweli. Walikuja walimu wawili, nikawanywesha chai na kuwarudisha Masasi. Baadaye akaja mmoja. Halafu mlango ukanyamaza. Nikawa nachungulia barabarani kama niliyepoteza mbuzi.

Minada ya korosho ilipoanza, Nuria akapiga simu. Nyuma yake nasikia ndoo zinagongana, watu wanauliza maji ya kuoga.

"Bibi, vyumba vimejaa! Wote wanasema wameona Masasi, wakashuka Masasi. Hata kitanda changu nimempa mgeni, nalala jikoni."

"Lala huko huko, mke mwenzangu. Ukiona mwenye gesti ananyoosha miguu kitandani kwake, ujue gesti ina njaa."