Pini za Mama Cherehani

Watu wa ofisi za juu walimwita Bwana Makaratasi, na wala hakukasirika, maana mtu anayeshinda na makaratasi utamwita nani? Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo la halmashauri ya jiji. Unashuka ngazi kumi na saba, unafungua mlango wa chuma, na huko ndani kuna kidirisha kimoja cha juu kinachoonyesha miguu ya wapita njia bila nyuso zao. Alikuwa amekaa humo miaka ishirini na sita akitunza nyaraka za biashara na viwanda vya jiji, hasa vile vilivyokwisha kufa. Kiwanda cha sabuni kilijaza rafu nne. Karakana ya baiskeli ilikuwa na rafu moja na nusu. Kiwanda cha viberiti kilikuwa na boksi zima la barua za meneja akiwaomba radhi wateja kwa sababu viberiti vyake haviwaki, na hizo Bwana Makaratasi alizisoma siku za huzuni ili zimchekeshe.

Siku za huzuni zilikuwa nyingi. Mkewe alifariki miaka mitatu nyuma, watoto hawakujaliwa, na nyumbani palikuwa na ukimya ambao hata redio haikuuweza. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kazini, na msidhani ni bidii. Hakuwa na wa kumuaga, kwa hiyo hakuwa na cha kumchelewesha. Jioni mlinzi ndiye aliyemtoa, kwa kugonga mlango wa chuma na kusema, "Mzee, hata hayo makaratasi yanataka kupumzika."

Mambo yalianza pale Mama Cherehani alipofunga duka. Mama huyu alikuwa fundi wa nguo kwa miaka arobaini, katika chumba kidogo nyuma ya posta, na nusu ya wanawake wa jiji walipita chini ya futi yake ya kupimia. Macho yalipoanza kuingia ukungu aliuza cherehani zake mbili, na madaftari yake ya vipimo, kumi na moja kwa jumla, akayapeleka halmashauri kwa mkokoteni. Alikuwa amesikia kwamba kuna mtu huko chini anayepokea vitabu vya biashara zilizokufa.

Sasa, kila kazi ina miiko yake, na mwiko mkubwa wa kazi hii ni kutu. Karatasi ikifika, kabla hujaisoma, unaitoa chuma: pini, vibanio, nyaya, kila kitu. Chuma kikipata unyevu kinaoza, na kikioza kinaila karatasi mpaka ibaki tundu. Bwana Makaratasi alikuwa hodari katika hilo kuliko mtu yeyote. Alipofungua daftari la kwanza moyo ulimpasuka, maana kila ukurasa ulikuwa na kipande cha kitambaa, kama kidole gumba kwa ukubwa, kimebanwa kwa pini, na pini zote zilikuwa nyekundu kwa kutu. Hakungoja. Alikaa wiki nne nzima na kibano chake, ukurasa baada ya ukurasa, akichomoa pini bila kuchana hata mahali pamoja. Kopo la pini, lililokuwa na vibanio vya zamani tayari, lilijaa siku ya pili, na kwa kuwa hakutaka kunyanyuka kutafuta jingine, zilizobaki akawa anazitia mfuko wa kulia wa koti lake la kazi. Vitambaa alivitupia katika katoni moja. Yeye ni mtu wa karatasi. Vitambaa ni vitambaa. Alipomaliza alijipongeza mwenyewe, kwani nani mwingine angempongeza?

Siku ya tano baada ya hapo Mama Cherehani akaja kutia sahihi hati ya makabidhiano. Alishuka ngazi kwa kupapasa ukuta, akakaa, akahema, akaomba apewe daftari moja aliage. Akalifungua, akapitisha vidole juu ya ukurasa. Akafunua mwingine. Akafunua mwingine tena, upesi upesi, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba.

"Mwanangu," akasema, "wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe kina nani, mama?"

"Wateja wangu. Humu sioni mtu."

Bwana Makaratasi akamweleza kwa upole habari ya kutu, na jinsi alivyoyaokoa madaftari. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akalifunga daftari na kuweka mikono yote miwili juu yake.

"Umewahi kuona jina hata moja humu ndani?"

Akafikiri. Kweli hakuwahi. Namba za kifua, kiuno, nyonga na bega, neno moja moja pembeni, basi. Alidhani ni uvivu wa fundi.

"Sikuandika majina," mama akasema. "Majina yanafanana, na mwanamke akiolewa analibadilisha lake. Mtu akija mara ya kwanza nakata kipande cha nguo yake, nakibana kwenye ukurasa wake. Akirudi hata baada ya miaka mitano, namkumbuka kwa nguo. Kile kitambaa ndiyo jina lake. Umewaondoa wote, ukawachanganya kwenye boksi."

Bwana Makaratasi alinywea. Miaka ishirini na sita, na kosa lenyewe ni la mtu anayejua kazi, kwa sababu asiyejua angeziacha pini zile zilivyo. Akajikaza kuomba radhi, lakini mama alikuwa ameshahamia kwenye jambo jingine.

"Na mwenzio naye ulimtoa," akasema taratibu.

"Mwenzangu?"

"Mkeo, Mungu amrehemu. Alikuwa mteja wangu, na habari za mumewe wa makaratasi alinisimulia kila alipokuja. Mwaka ule wa mwisho alikuja mara nyingi sana."

Mkewe aliugua miezi miwili tu, hivyo ndivyo alivyojua yeye. Miezi miwili kitandani, basi. Mwaka wa mwisho alikuwa mzima, akipika, akicheka, akimtania kwamba ameoa mke wa pili wa karatasi. Nguo mpya hakumwona nayo. Alikuwa akienda kwa fundi kufanya nini?

"Alikuja kufanya nini, mama?"

"Nilimwahidi kwamba kinywa changu hakitakwambia, na ahadi ya marehemu siivunji. Ila niliyaandika kwenye ukurasa wake. Kuhusu ukurasa sikumwahidi kitu. Nilidhani utausoma. Kwa nini unafikiri niliyaleta madaftari huku, nikaacha kuyawashia moto?"

Hapo Bwana Makaratasi akaelewa alichokifanya. Mkewe alikuwa amemwachia neno, likapita mikononi mwake, na yeye akalifuta kwa kibano. Kurasa zilikuwa zaidi ya mia sita. Hakujua kiuno cha mkewe kilikuwa inchi ngapi. Hakukumbuka hata nguo zake. Alijua rangi ya wino wa kiwanda cha sabuni, alijua karatasi ya viberiti ilikuwa na nembo ya jogoo, lakini ukimwuliza gauni la mkewe lilikuwa na rangi gani angetoa macho tu. Nguo zenyewe shemeji yake, mdogo wa marehemu, alizibeba katika mifuko miwili baada ya msiba, na yeye mwenyewe alimfungulia mlango akamshukuru.

Akaleta ile katoni, akaiweka mapajani mwa mama.

"Macho yangu hayafai," mama akasema. "Lakini ngoja."

Akaingiza mikono. Akawa anatoa kipande kimoja kimoja, anakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, anakiweka kando. Kwa kila kimoja alinong'ona kitu: huyu alikuwa mwalimu, huyu alipenda mikono mirefu, huyu alinisumbua roho yangu mpaka nikatamani ahamie mji mwingine. Bwana Makaratasi alikaa mbele yake akiona jinsi watu walivyojaa ghafla katika chumba chake, na wote ni wageni. Saa mbili zikapita. Kisha mkono ukasimama.

"Huyu hapa."

Kilikuwa kitambaa chenye mistari iliyoinuka, ukikipapasa unaihesabu kwa kidole. Rangi ilikuwa imekwisha, kimebaki kijivu. Bwana Makaratasi alipokishika alihisi anakijua. Si kwa macho, kwa vidole. Ni kama alikishika jana. Akajiambia ni bega la mkewe analolikumbuka, na machozi yakamlengalenga, akageuka kuangalia ile miguu dirishani mpaka yakapoa.

"Nimempata mtu," mama akasema akiinuka. "Ukurasa wake utautafuta mwenyewe, hiyo ni kazi yako. Mimi naenda, nisije nikakutana na giza kwenye ngazi."

"Mama, kwa nini alikukataza kuniambia?"

Mama alisimama mlangoni. "Alisema wewe ukiona kitu kinaharibika huli, hulali, mpaka ukitengeneze. Na kile hakikuwa cha kutengenezwa." Akaanza kupanda ngazi, moja moja.

Alimtafuta mkewe siku tisa. Njia aliijua, tena ni kutu ileile iliyomfundisha. Pini inapooza inaacha alama mbili, pa kuingilia na pa kutokea, na alama hizo zinakaa kwenye kitambaa na kwenye karatasi vilevile. Zile za kitambaa cha mkewe zilikuwa zimepinda kidogo, moja kubwa, moja ndogo, nafasi ya punje moja ya mchele katikati. Alikilaza kitambaa juu ya kila ukurasa, akatazama kwa lenzi, akafunua. Simu ya ofisini ililia akaiacha ilie. Meneja wa viberiti aliendelea kuomba radhi rafuni bila msomaji.

Siku ya tisa, mchana, daftari la nane, alama zikakutana. Akakiinua kitambaa akakirudisha, mara tatu. Zilikutana mara zote tatu.

Ukurasa ulikuwa na mistari sita. Wa kwanza ulikuwa wa zamani, wino umepauka: kifua, nyonga, urefu, kiuno thelathini na nne. Gauni jipya. Mitano iliyofuata ilikuwa ya wino mmoja, na haikuwa na kitu ila kiuno. Thelathini na mbili, na pembeni neno moja: usikate. Thelathini na moja, usikate. Ishirini na tisa, usikate. Ishirini na saba, usikate.

Hakuhitaji fundi kumfafanulia. Nguo ikipunguzwa, kitambaa kinachozidi ama unakikata, ama unakikunja ndani ya mshono kingoje mwenyewe anenepe tena. Mkewe alikuwa akipungua chini ya macho yake, gauni lilelile likimfuata nyuma nyuma lisimsaliti, na kila mara alimwambia fundi usikate, nitarudi. Mwaka mzima alitumaini peke yake. Na yeye, pamoja na jicho lake kali la kuona doa la unyevu kwenye barua ya miaka sitini, alikaa naye meza moja kila jioni asione.

Mstari wa mwisho ulisema ishirini na tano. Na pembeni, kwa mwandiko uleule mnene wa Mama Cherehani: kata. Mfuko wa koti la mume.

Alisoma mara mbili. Halafu akakumbuka kwamba mwaka ule alilalamika wiki nzima kuhusu mfuko uliotoboka na penseli zinazodondoka. Siku moja penseli zikaacha kudondoka. Hakuuliza. Mtu huuliza kitu kinapoharibika. Kikipona, nani anauliza?

Akaingiza vidole katika mfuko wa kulia wa koti lake la kazi. Chini ya pini, chini ya kipande cha penseli, ilikuwepo ile mistari iliyoinuka. Vidole vyake vilikuwa vimeigusa kila siku kwa zaidi ya miaka mitatu.

Akaupindua mfuko nje. Gauni lilikuwa la kijani, kijani kibichi cha jani la asubuhi, maana kipande hiki kilikunjwa ndani ya mshono, hakikuwahi kuona jua kikapauka. Akalikumbuka papo hapo. Akamwona nalo mlangoni, mkono kiunoni, akimwambia, "Bwana wewe, karatasi zako hazitakupikia." Na juu ya kijani hicho, chini kabisa ya mfuko ambako pini zilirundikana wiki nne pamoja na jasho la mkono wake, kulikuwa na madoa mekundu, mengi, mengine yameshatoboa.

Kutu ikishaingia kwenye kitambaa haitoki. Unachoweza kufanya ni kuizuia isiendelee. Hilo amewafundisha wengine.

Akaziokota pini zote kwa kibano na kuziweka mezani. Akakifunga kile kipande cha kijivu kwenye ukurasa wake kwa uzi wa pamba, mishono miwili, mibaya. Kulikuwa na vitambaa zaidi ya mia sita vya kurudishwa kwa wenyewe, na angevirudisha, kwa sababu hakuna mwingine wa kufanya hivyo. Lakini si siku hiyo. Akaurudisha mfuko ndani, akatia mkono, akakaa hivyo akiangalia miguu ikipita, mpaka mlinzi alipogonga mlango.