Kelele Upande wa Pili

Kwa wiki tatu mtafiti mmoja alikuwa akiibana kelele ya kikwantumu, mtikisiko mdogo wa asili usiozimika, kwenye amplifaya yake ya mikrowevu, iliyogandishwa jokofuni hadi umeme ukapita bila ukinzani. Kila akipima, kelele imezidi! Nusura alipige teke jokofu lenyewe.

Mama yake, mshona magodoro, alipomletea chakula, binti alimlalamikia: "Mama, kelele hii naibana, lakini inafura tu!"

"Kwani godoro ukilikandamiza huku, si linafura kule? Wewe unapima wapi?"

Binti akaigeukia mashine. Akageuza kipimo robo mzunguko, apime upande wa pili wa kelele ileile. Mstari kwenye skrini ukaporomoka, chini hata ya kelele ya ombwe tupu, ile inayobaki hata pasipo na kitu. Akamrukia mama shingoni, wakazunguka wakicheka.

"Wiki tatu umelalia nundu, mwanangu," mama akasema akihema, "na bonde liko ubavuni!"