Sitaji Jina

Kanisani kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki chenye mguu uliofungwa kwa waya, na kila mwenye akili zake alikikwepa. Mama Maombi peke yake ndiye aliyekitaka. Jumatano, siku ya maombi ya akina mama, aliwahi kabla ya wote ili akipate, na akishakikalia hakubali kubembelezwa ahamie mbele. "Hapa pananitosha, wapendwa," alisema kwa sauti ya chini, ya chini lakini ya kusikika. Siku moja mgeni alikitangulia bila kujua, na Mama Maombi akashinda uso umemvimba mpaka ibada ikaisha. Kumbe hata unyenyekevu unagombewa.

Lakini tusimwonee. Alikuwa mjane na fundi cherehani, mtu aliyelea wadogo zake kabla hajapata watoto wake mwenyewe. Alifagia kanisa bila kuombwa. Alishona sare za kwaya kwa mkono ule ule wa makini aliotumia kwa wateja wakubwa, na mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alimpenda Mungu kweli, si kwa maneno tu. Na alipofumbua kinywa kuomba, hata waliokuwa wakisinzia waliamka. Ndipo wakambandika jina hilo, na jina likamkaa.

Kikundi chao kilikuwa na sheria moja: shida ya mtu ikiletwa kwenye maombi, jina halitajwi. Sheria nzuri sana, ila tu haikufanya kazi. "Tumwombee dada mmoja," mtu angesema, "ambaye mume wake ana gari jeupe, na juzi hakulala nyumbani." Basi wote wangefumba macho na kuliona lile gari jeupe mpaka namba zake. Lakini jina halikutajwa, kwa hiyo hakuna aliyesengenya. Walirudi majumbani na dhamiri safi na habari mpya.

Mwezi huo alikuwa amejiunga nao mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene kuliko umbo lake. Na huyo naye alijua kuomba. Akianza tu, chumba kizima kinaitikia "Amina!" mpaka mabati yanalia. Mama Maombi alifurahi, au alijiambia amefurahi. Ila alianza kuona kwamba zamu yake ikifika, amina zinatoka nusunusu, nyingine zina miayo ndani yake. Akafunga kula. Akaamka alfajiri kumlilia Mungu amrudishie moto wake, na hakujiuliza hata siku moja moto huo alikuwa akiutaka wa nini.

Ndipo wifi yake alipoingia dukani na suruali mkononi.

Wifi huyu alikuwa mke wa mdogo wake wa mwisho, yule ambaye Mama Maombi alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Mdogo huyo alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, na kwenye kwaya ndiye aliyeshika besi. Suruali ilikuwa moja ya zile za sare yake ya kijivu.

"Ipunguze kiunoni, wifi. Inamdondoka."

"Huko kiwandani siku hizi hawawapi chakula?" Mama Maombi alitania akitafuta tepu ya kupimia. "Mdogo wangu amebaki mshipi na vifungo!"

Wifi hakucheka. Aliurudisha mlango, akakaa kwenye kigoda, na maneno yakamtoka yote kwa mpigo. Kazi ilikuwa imekwisha kitambo. Kiwanda kilileta mashine, watu wa stoo wakaambiwa waende nyumbani. Lakini kila asubuhi mume wake bado anavaa sare, anawaaga watoto, anatoka. Anakwenda hospitali kubwa, anakaa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee mjini ambapo mwanamume mzima anaweza kushinda kutwa na asiulizwe kwa nini hana kazi. Akishaona saa zimefika, anarudi, anasema amechoka.

"Na kweli anakuwa amechoka," wifi alisema, akijifuta pua kwa kitambaa alichookota chini ya cherehani. "Amenikataza nisimwambie mtu yeyote. Watoto hawajui. Anasema apate kazi nyingine kwanza, ndipo aseme. Lakini wifi, nilikuwa napasuka. Wewe ni dada yake, nikasema hapa nitakuwa sijatoka nje ya nyumba."

"Limeishia hapa," Mama Maombi alimwambia, kiganja kifuani. Na alimaanisha. Baada ya wifi kuondoka alizima cherehani, akamwombea mdogo wake peke yake, huku ile suruali ya kupunguza ikiwa mapajani. Yale yalikuwa maombi hasa, na lau angeishia hapo, nisingekuwa na hadithi.

Jumatano ikafika. Mwalimu aliomba kwanza, amina zikamwagika. Kisha ikawa zamu ya Mama Maombi. Alianza alivyozoea, akashukuru, akasifu, na akasikia maneno yake yanaishia miguuni pake. Mtu alikohoa. Mwingine alikuwa anapapasa chini ya benchi akitafuta kiatu chake. Na pale pale, bila kuitwa, ile habari ikamjia mdomoni.

"Baba," alisema, "yupo mtumishi wako mmoja. Sitaji jina, wewe unamjua. Kila asubuhi anavaa sare ya kazi ambayo hana tena."

Amina ya kwanza ilikuwa nzito. Akaongeza watoto wanaompungia baba yao mkono mlangoni. Amina! Mtu akaanza kulia. Akaongeza mabenchi ya hospitali, mwanamume mzima ameketi katikati ya wagonjwa naye si mgonjwa, na hapo chumba kizima kikalipuka, mwalimu mwenyewe akapiga magoti. Mama Maombi naye alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba yalikuwa ya kweli.

Benchi la tatu alikaa mwanamke mmoja mfanya usafi wa hospitali hiyo hiyo. Alifumbua jicho moja. Kila siku alikuwa akipitisha fagio kuzunguka viatu vya yule baba wa kwaya, akidhani anauguza mtu. Akalifumba jicho. Alikuwa na moyo mzuri, na kesho yake moyo huo ukamtuma.

Aliegemeza fagio ukutani, akamshika mkono yule baba mbele ya benchi lililojaa watu. "Baba yangu, usikate tamaa," akamwambia. "Akina mama wote tunakuombea upate kazi."

Yule baba alirudi nyumbani jua likiwa bado kali, na sare yake, majirani wakiwa bombani wanamtazama. Watoto walipotoka shule walimkuta amelala na viatu. Na kana kwamba hayo hayatoshi, jioni akina mama wa kanisa wakaja na unga na sukari, tena wakiimba. Walisimama uani wakaimba beti zote. Mtaa uliokuwa haujasikia ukasikia.

Hakumfokea mkewe. Alimuuliza swali moja tu, alimwambia nani, na alipojibiwa akageukia ukuta. Tangu siku hiyo akanyamaza. Chakula alikula, watoto aliwajibu, lakini mkewe alipita mbele yake kama upepo.

Wifi alikuja dukani kuchukua suruali. Mama Maombi alisimama haraka mpaka akaangusha mkasi.

"Sikutaja jina, wifi. Mungu ni shahidi. Sikutaja jina."

"Ni kweli," wifi alisema. "Hukutaja."

Akaikunja suruali, akaitia kwenye mfuko, akatoka. Heri angemzaba kofi.

Siku zilizofuata Mama Maombi alijitetea mfululizo, na msikilizaji wake alikuwa cherehani. Sikutaja jina. Nilikuwa namwombea. Ni kosa la yule wa usafi na mdomo wake. Aliyasema mpaka yakaanza kulainika, yakakaribia kuwa ukweli. Kisha asubuhi moja, akiwa anapitisha uzi kwenye sindano, akaikumbuka ile dakika jinsi ilivyokuwa. Akakumbuka alikuwa anafikiria nini aliposema "sare". Hakuwa anamfikiria mdogo wake. Alikuwa ametega sikio kusikiliza amina.

Haya zilimpanda kuanzia shingoni mpaka masikio yakawaka. Duka lilikuwa tupu, hakuna hata mteja, na bado alifunika uso kwa kipande cha kitambaa. Mtoto aliyembeba mgongoni, aliyemtafunia chakula, alikuwa amemvua nguo mbele ya watu ili mwalimu mwembamba asimzidi. Na akifikiria nyuma, akaona hata kile kiti cha waya hakuwa akikikalia bure.

Jumatano akasimama mbele ya wenzake. Alikusudia kusema yote. "Wapendwa, nimetenda dhambi kwa kinywa changu," alianza, na sauti ikamtetemeka vile vile inavyotetemeka ikiwa katika ubora wake. Kabla hajafika kwenye lenyewe, wawili walikuwa wanalia. "Ona moyo wa unyenyekevu!" mmoja akasema. "Mimi nisingeweza," akasema mwalimu, akaja kumkumbatia, na amina zikashuka kwa wingi kuliko siku ile. Mama Maombi, katikati ya mikono ya watu, akasikia kitu kitamu kinamteremka kifuani. Ni kile kile. Alikijua sasa.

Alijitoa kwenye ile mikono. Walidhani anakwenda kulia nje, wakamwanzishia pambio. Aliacha mkoba wake kitini, akashika njia kwenda kwa mdogo wake.

Njiani alikuwa amepanga apige magoti. Basi mlango ulipofunguliwa akapiga magoti pale pale kizingitini.

"Inuka, dada," mdogo wake alisema. "Majirani wanatazama. Wameshatuona vya kutosha."

Aliinuka upesi, ameaibika upya, maana ni kweli hata magoti hayo alikuwa ameyachagulia mahali. Ndani, wifi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Hakuna aliyemkaribisha kiti, naye akabaki amesimama karibu na mlango.

"Nitasema kwa kifupi," alisema. Alijaribu kusema bila ile sauti, na bila hiyo alijisikia hana kitu mikononi. "Watu watakwambia nilipitiwa. Sikupitiwa. Maombi yangu yalikuwa yamepoa, wakawa wanamwitikia mwenzangu kuliko mimi. Niliona wivu. Nikakutoa wewe, kwa sababu nilijua utawaliza. Ndivyo ilivyokuwa, mdogo wangu. Hakuna kingine."

Mdogo wake alikuwa anatazama sakafu.

"Na mkeo usimnyamazie. Hakwenda kukutangaza. Alikuja kwa dada yako, akidhani amekuja kwa mtu wenu. Kosa si lake. Kama ni kunyamaziwa, ninyamazie mimi."

Mkono wa wifi ulisimama juu ya maharage. Mume wake akamgeukia, akamtazama. Ilikuwa kitambo tangu amtazame, na wifi akauma midomo asilie mbele ya mgeni, maana siku hiyo Mama Maombi alikuwa mgeni.

"Umesikia?" mume akamwuliza.

"Nimesikia."

"Nilikosea kukunyamazia."

"Ulikosea sana tu," wifi alisema, na mkono ukarudi kwenye maharage.

Mama Maombi akaona kazi iliyomleta imekwisha. Akageuka kushika komeo.

"Dada," mdogo wake akamwita. "Kuna kitu nawe ukijue. Pale benchini huwezi kukaa kimya, watu wanaulizana. Una mgonjwa gani? Siku ya kwanza niliulizwa nikababaika. Nikasema, dada yangu."

"Mimi?"

"Jina la mwingine halikunijia. Wakauliza anaumwa nini. Nikasema madaktari bado hawajajua." Alijikuna kidevu, naye pia alikuwa anaona haya. "Sasa kuna mama mmoja mtu mzima, mume wake amelazwa. Ana shida zake nyingi. Lakini kila asubuhi alinishika mkono akamwombea huyo dada yangu. Ananong'ona tu, hata mimi niliyekaa ubavuni sisikii yote. Nilikuwa naumia kumdanganya mtu mwema vile. Nilikuwa nikilala naliwaza hilo kuliko kazi yenyewe."



"Kesho nitapita pale," akasema. "Nimwambie aendelee."

Mama Maombi alimtazama usoni aone kama anamtania, maana tangu utotoni alikuwa na mzaha. Hakuwa anatania. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

"Mwambie," Mama Maombi alisema, uso umezama kwenye viganja. "Mwambie hali yake ni mbaya."