Nukta Zisizosalimiana

Mwaka ule simu za mkononi zilipoanza kufika Arusha, Aika alikuwa akikaa ofisini Sokon One, akitembeza nukta kwenye kompyuta. Kila nukta ilikuwa mtu mmoja wa kijiji cha Nduruma. Mwendo wao ndio ungeonyesha mnara wa simu usimame wapi. Aika aliutaka Nduruma, kwa mama yake Kandida, mkunga, ili mwenye uchungu ampate upesi.

Nukta alizopewa zilikuwa hazina adabu. Zilinyooka, zikasimama kidogo, zikageukia popote. Jumatatu watu wa Nduruma nao wakaanza kutembea hivyo. Walikatiza mashamba ya mahindi na mifereji, wakapishana kimya. Mwenye shamba alisogeza jembe, akawapisha.

Sasa kule habari husafiri kwa salamu. Mtegee mtoto yeyote kitendawili: hakina uzito, lakini ukipita bila kukiacha utasemwa mwezi mzima. Salamu, atakujibu, mdomo umejaa ndizi. Mwanamke akishikwa na uchungu, salamu tatu tu njiani, Kandida kashajua.

Jumanne Anneth alishikwa na uchungu. Mumewe, Philemoni, alipishana na Kandida mara nne, wote wamekaza shingo. Mtoto alizaliwa, hakulia. Jumatano wakamzika.

Habari ya msiba ilipomfikia, Aika akazifundisha nukta adabu: zizunguke mifereji, zisimame kwa wazee, Jumapili ziende kanisani pamoja. Alhamisi watu wakasimama njiani, wakaulizana habari za nyumbani na za ng'ombe. Kwenye kompyuta nukta zikarundikana Nduruma, ikawa wazi mnara unatakiwa wapi.

Aminieli, mkubwa wake, akainama kutazama. "Dada Aika, nukta zako zina umbea."

"Zinasalimiana, bosi."

"Zitamaliza lini? Wakubwa wanataka hesabu kesho. Na mnara wameshaupeleka kilimani, kule kwenye hoteli. Hii yetu ni ya kujaza faili tu."

Akabonyeza mara moja, adabu yote ikafutika.

Jumamosi Aika alikwenda kwao. Kandida alitokea katikati ya maharage, mkoba wa ukunga begani. Ng'ambo ya mfereji mwanamke mwenye uchungu alikuwa akimwita kwa jina.

"Shikamoo, mama. Unaitwa."

Kandida aligeuka, akanyooka upande usio na nyumba. Aika, ambaye hajawahi kuzalisha hata mbuzi, alimvua mama yake ule mkoba, akavua na viatu, akavuka maji.