Siku Tatu za Kuripoti

Kwenye programu ya kubashiri jinsi ugonjwa wa miguu na midomo unavyoenea, mtakwimu wa ofisi ya mifugo alikuwa ameshajaza idadi ya ng'ombe, bei ya maziwa na muda wa kufunga minada. Ilibaki safu moja: mnyama akiugua, mfugaji atakaa siku ngapi kabla ya kuripoti? Mwongozo ulisema tatu. Akaandika tatu. Kompyuta ikakoroma, kisha ikatoa hasara ya kuvumilika: vijiji viwili, mwezi mmoja.

Daktari wa mifugo, aliyekaa meza ya pili na buti zake za mpira, alichungulia akacheka. Alisema wafugaji wa humo ndani ya kompyuta ni watiifu kweli. Angeomba uhamisho aende kwao.

Simu ya mtakwimu ikaita. Alikuwa mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Mjomba alizunguka na salamu weee, akauliza watoto, akauliza mvua, ndipo akafika kwenye jambo lenyewe. Yule ng'ombe mwekundu anatokwa udenda, anachechemea, na ulimi una malengelenge. Labda kachomwa na miba.

"Tangu lini, mjomba?"

"Siku kumi na moja hivi. Wengine wawili niliwawahisha mnadani wiki iliyopita, kabla hawajaharibika. Usinitangaze, mwanangu. Wakinifungia boma nimekwisha."

Mtakwimu aliitikia kitu, hakujua ni nini, simu ikakatika. Akafuta tatu, akaweka kumi na moja.

Safari hii kompyuta ilikoroma muda mrefu. Kwenye ramani wekundu wa maambukizi ulifuata barabara za malori, wilaya baada ya wilaya, mpaka akawa anatafuta kijani kwa kidole.

Daktari hakucheka tena. "Hiyo kumi na moja umeitoa wapi?"

Mtakwimu angeweza kusema amekisia tu.

"Kwa mjomba wangu," alisema, akamweleza yote, hata wale wawili wa mnadani.

Daktari aliandika jina la kijiji kiganjani, akampigia karani wa mnada. Daftari la wanunuzi limo kabatini, akajibiwa, na mwenye ufunguo ameshaondoka. Mpaka kesho asubuhi. Wale wawili walikuwa kwa nani sasa?

"Alfajiri tunaanzia kwake," daktari alisema. "Usimwambie. Akijua tunakuja, atawahamisha wote usiku huu."

Simu ilianza kutetemeka mezani. Mjomba. Mtakwimu aliikalia mikono yake kama mtoto, akasubiri inyamaze. Ikanyamaza, kisha ikaanza upya.