Zamu ya Leticia

"Vua kilemba, Bibi Domitila," alisema mwenyekiti Wendelin. "Tusicheleweshane. Watu wana mpunga wa kuvuna."

Domitila hakuvua. Alikuwa amekalia kigoda katikati ya uwanja wake mwenyewe, pale Idete, jua la saa nne likimchoma. Mbele yake alisimama mnyoaji aliyetumwa na mganga wa ng'ambo ya mto, wembe mpya mkononi, bakuli la maji ya dawa miguuni. Akishanyolewa, yamekwisha. Hata nywele zikiota upya atabaki kuwa mchawi aliyenyolewa, na hakuna atakayekula chakula chake wala kumwita tena jukwaani. Akikataa, nyumba itachomwa. Vijana walikwisha kulisema hilo bila kumung'unya maneno.

Na kosa lake? Aliijua kazi yake, basi.

Miaka ishirini na miwili Domitila aliigiza. Alianzia kwenye kikundi cha sanaa cha wafanyakazi wa miwa kule Kidatu, enzi hizo ana kiuno chembamba na matumaini, lakini hakupewa kuwa bibi harusi hata siku moja. Sura yako ya ukali, walimwambia. Akawa mama mkwe, akawa mlevi, akawa bibi mwenye gubu. Aliingia kwa dakika tano tu na kuwaacha watu wakimchukia mpaka wanafika kwao. Wenzake walipigiwa makofi, yeye alizomewa, na alilala vizuri zaidi siku alizozomewa sana.

Mwaka tisini na nne wakaja watu wa afya na kamera, kutengeneza filamu ya chanjo. Wakampa nafasi ya ajuza anayesingiziwa kumroga mtoto. Picha wakazipigia palepale kwake: kigoda chake, ungo wake, khanga yake ya kila siku. Mwishoni nesi anaeleza kuwa mtoto aliuawa na surua, ajuza hana hatia. Lakini mkanda ulipoonyeshwa kwenye kibanda cha video mjini Ifakara, jenereta lilizimika ajuza akiwa bado anapepeta na kucheka. Watu wakarudi nyumbani na kicheko hicho. Mwisho hakuna aliyeuona.

Msimu uliofuata, Evod, mjukuu wa jirani yake Leticia, akafa kwa homa na vipele.

"Tumemuona laivu," alisema kijana mmoja, Damiani, aliyekuwa kibandani siku ile. "Ungo ule pale ukutani. Khanga ileile. Sasa anabisha nini?"

"Ile ni kazi, Damiani. Niliambiwa nicheke, nikacheka."

"Ulicheka kama mzoefu."

Watu wakaguna kukubali. Laiti angeigiza vibaya! Sifa aliyoitafuta maisha yake yote ilikuwa imemfikia leo, tena imekuja na wembe. Domitila aliwachukia wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, kwa majina.

Akamtafuta Leticia kwa macho. Alikuwa mkekani na wafiwa wenzake, amejitanda khanga mpaka machoni. Wawili hawa walikuwa chanda na pete. Ni Leticia aliyeshika karatasi za filamu jioni baada ya jioni, akisoma maneno ya nesi ili Domitila akariri ya ajuza. Na ni Leticia aliyekaa na Evod shambani masika nzima, dunguni, kufukuza ndege wasile mpunga, siku za chanjo zikapita. Nitampeleka tukishavuna, alisema. Domitila aliyajua hayo, na Leticia alijua kuwa anayajua. Lakini yakitoka kinywani mwa Domitila, yangekuwa ni mchawi kumtupia mfiwa lawama.

Mnyoaji akachovya wembe.

Domitila akasimama. Akakunja mgongo, akauachia mkono wa kushoto utetemeke. Mama mmoja alimvuta mwanawe ubavuni. Damiani alirudi nyuma hatua mbili.

"Haya, niambieni," ilisema sauti ya ajuza, na macho yake yalikuwa kwa Leticia. "Mtoto huyu nimemfanya nini?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwenye filamu. Baada ya hayo hujibu nesi: Hukumfanya kitu, bibi. Ni surua. Alikosa chanjo.

Leticia aliinua uso. Khanga ikamteleza begani, asiiokote.

"Anamroga mchana kweupe," alisema mnyoaji. "Mshikeni."

"Subiri," alisema Wendelin. "Mfiwa anataka kusema."

Midomo ya Leticia ilikuwa ikicheza, sauti haitoki. Jukwaani, mwenzako akisahau, unamnong'oneza. Domitila alikuwa amewaokoa wengi kwa namna hiyo. Safari hii hakunong'ona. Alisimama vilevile, mgongo umekunjwa, akingoja, na maji ya dawa yakawa yanadondoka kutoka kwenye wembe, tone moja moja, vumbini.